Dakika za Baada ya Pingu: Mwongozo wa Kumkamata na Kumzuia Mtu Bila Kuhatarisha Uhai Wake

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya askari wa vituo, wakaguzi wa kata, mgambo na vijana wa vikundi vya ulinzi shirikishi katika miji ya Moshi na Arusha, yaani watu ambao usiku wa Jumamosi huitwa Pasua, Majengo, Ngarenaro au Unga Limited kwenda kumtuliza mlevi, kumkamata kibaka, au kumtoa mtuhumiwa mikononi mwa wale ambao magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali. Hauchukui nafasi ya amri za Jeshi la Polisi wala ya mafunzo ya vitendo chini ya mkufunzi. Unashughulikia kipindi kimoja ambacho aghalabu hakipewi uzito wake, nacho ni dakika chache zinazofuata baada ya mtu kuwa amekwisha kudhibitiwa, wakati askari wanafuta jasho, wanatafuta kofia iliyodondoka na kuulizana gari liko wapi, huku mtuhumiwa akiwa bado amelala kifudifudi chini.

Wengi hudhani hatari ya kufa iko ndani ya purukushani yenyewe. Iko huko, lakini vifo vilivyochunguzwa kwa kina katika nchi mbalimbali vinaonyesha sura inayojirudia: mtu amekwisha kufungwa mikono, hawezi tena kumdhuru yeyote wala kukimbia, na bado anaachwa amelala kifudifudi au anaendelea kukandamizwa mpaka ananyamaza.

Kwa nini mtu hufa akiwa tayari ameshikwa

Ili hewa iingie mapafuni, kifua hutanuka na kiwambo kilicho kati ya kifua na tumbo hushuka, kikilisukuma tumbo nje. Mtu aliyelazwa kifudifudi juu ya lami au saruji, huku goti au kiatu kikiwa mgongoni mwake, hana nafasi ya kufanya lolote kati ya hayo mawili kikamilifu. Mtu mnene huathirika zaidi, kwa sababu tumbo lake linapobanwa chini hukisukuma kiwambo kuelekea kifuani.

Jambo la pili halionekani kwa macho. Aliyekimbizwa kutoka stendi mpaka sokoni, kisha akapambana na watu watatu, ana misuli iliyojaa tindikali, na njia ya haraka ya mwili kuiondoa ni kuhema kwa nguvu na kwa kasi ili kutoa hewa chafu ya kaboni. Kwa hiyo anahitaji pumzi nyingi kuliko kawaida yake, katika wakati ule ule ambapo ananyimwa hata ile ya kawaida. Moyo unaweza kusimama ghafla bila jeraha lolote kuonekana mwilini, na ndiyo maana ndugu wa marehemu na askari hubaki wakibishana kama alipigwa au hakupigwa, ilhali swali lililopaswa kuulizwa ni alilazwa namna gani na kwa muda gani.

Mbaya zaidi ni kwamba mtu anayekosa hewa hujinyanyua, hujipinda na kurusha miguu. Kwa askari aliye juu yake, hayo yote yanafanana na ukaidi, naye huongeza uzito.

Maarifa haya si mapya. Mwaka 1995 Wizara ya Sheria ya Marekani ilisambaza waraka kwa polisi wa nchi hiyo ukiwashauri wamtoe mtuhumiwa kwenye kulala kifudifudi mara tu anapofungwa pingu. Miaka 25 baadaye, tarehe 25 Mei 2020 katika mji wa Minneapolis, George Floyd alilazwa kifudifudi akiwa na pingu, na askari Derek Chauvin akakaa na goti shingoni mwake kwa zaidi ya dakika tisa. Askari mgeni kazini, Thomas Lane, aliuliza mara mbili kama wamgeuze kwa ubavu. Akakataliwa, naye hakumgeuza. Askari mwingine alitafuta mapigo ya moyo mkononi akayakosa, na goti likaendelea kubaki pale pale. Chauvin alitiwa hatiani kwa mauaji mwezi Aprili 2021. Lane naye alifungwa, maana mahakamani kule kuuliza tu hakukumwokoa. Kila mkufunzi anayefundisha kukamata angefanya vema kukisimulia kisa hiki kutoka upande wa Lane, kwa sababu askari wengi watajikuta siku moja wamesimama mahali pake kuliko mahali pa Chauvin.

Sheria inasema nini, kwa ufupi

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inakataza anayekamata, awe askari au raia, kutumia nguvu au kumdhalilisha mtu kupita kiasi kinachohitajika kumkamata au kumzuia asitoroke. Inataka aliyekamatwa aambiwe sababu, na raia aliyemkamata mtu amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa isivyo lazima. Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 13(6), inamhesabu mtuhumiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike, na inapiga marufuku mateso na adhabu za kudhalilisha. Kwa upande wa bara zima, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitisha mwaka 2014 mwongozo unaojulikana kama wa Luanda kuhusu ukamataji na mahabusu. Na wakazi wa Arusha hawana haja ya kukumbushwa kwamba Mahakama ya Afrika inayotafsiri haki hizo iko mjini kwao.

Hatua ya kwanza: gawaneni kazi kabla ya kutoka

Doria isiyogawana kazi huishia kwa watu watano kumrukia mtu mmoja, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye anayeangalia. Kabla ya kuondoka kituoni au ofisi ya mtaa, mteueni mmoja wa kuzungumza, wawili wa kushika mikono, na mmoja ambaye hatashika chochote isipokuwa kichwa cha mtuhumiwa. Huyu wa mwisho tumwite msimamizi wa pumzi. Kazi yake ni kukaa usawa wa uso wa mtuhumiwa, kuulinda usigongwe chini, kuangalia anavyopumua na kutaja muda unavyokwenda.

Msimamizi wa pumzi awe na mamlaka ya kusema "Acha!" na kila mtu aachie uzito papo hapo, hata kama yeye ni konstebo na aliye mgongoni ni sajini. Katika jeshi lenye vyeo jambo hili ni gumu, na halitatokea lenyewe kwa wema wa watu. Sharti mkuu wa kituo alitamke mbele ya wote wakati wa kupanga zamu. Mkubwa aliyekwisha kusema hadharani kwamba neno hilo litatiiwa hawezi baadaye kumwadhibu kijana aliyelitumia.

Muwe na tochi, glavu, namba ya 112 ya dharura ya polisi na namba ya dereva wa gari la karibu. Ijulikane pia mapema kama majeruhi atapelekwa hospitali ya Mawenzi au KCMC kwa Moshi, au Mount Meru kwa Arusha.

Hatua ya pili: mdomo utangulie mkono

Azungumze mmoja tu. Watu watatu wakipiga kelele kwa pamoja, "Lala chini!", "Inua mikono!", "Usijitingishe!", hakuna binadamu anayeweza kuzitii amri zote tatu. Simama mbali kidogo, mikono ikionekana, na umwite mtu kama anavyoitwa na watu wa umri wako. Mzee aliyekunywa mbege kupita kiasi na kushika panga ukumbini hulegea kwa "Shikamoo baba, sisi ni watoto wako, tumekuja tuongee" mara nyingi kuliko kwa kelele na matusi. Kijana naye aambiwe, "Kaka, uko chini ya ulinzi kwa sababu unatuhumiwa kuiba simu, geuka taratibu, mikono nyuma, hakuna atakayekupiga." Maneno ya mwisho ni ahadi, na pakitokea mwenzako akamzaba kofi, mtaa mzima utakuwa umeisikia ahadi ikivunjwa.

Ukiwa unazungumza, mchunguze. Mtu anayetoka kwenye kifafa huamka amechanganyikiwa na huweza kurusha mikono bila kujua. Mwenye kisukari ambaye sukari imeshuka hutoka jasho, huyumba na kuongea kama mlevi, bila harufu ya pombe. Anayetembea uchi, anayezungumza na wasioonekana, ambaye mwili wake una joto kali na haonekani kuhisi maumivu, ni mgonjwa wa dharura kwanza na mtuhumiwa baadaye. Waulize majirani na ndugu: "Ana ugonjwa wowote? Ana pumu? Ametumia nini?" Kama hana silaha na hakuna anayetishiwa, kusubiri kwa dakika 10 huku mnaongea hakugharimu kitu.

Hatua ya tatu: kushika

Ikiwezekana, mtu akamatwe akiwa amesimama au amekaa. Washikaji wawili washike kila mmoja mkono mmoja, kiganja kimoja juu ya kiwiko na kingine kwenye kifundo cha mkono. Ikilazimu kumshusha chini, ashushwe kwa kuongozwa, msimamizi wa pumzi akiwa ameshika kichwa. Uzito uwekwe kwenye mikono yake, mapaja na miguu. Usiwekwe shingoni, mgongoni, kifuani wala tumboni, hata kwa sekunde chache "mpaka atulie".

Kabali ni marufuku katika mwongozo huu, bila ubaguzi wa mazingira. Mkono unaozunguka shingo huweza kuziba njia ya hewa au mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo, na katika purukushani hakuna anayeweza kupima amebana kiasi gani. Polisi wa New York walipigwa marufuku kabali tangu mwaka 1993, na bado Eric Garner alikufa mwaka 2014 baada ya kukabwa hivyo. Amri iliyo kwenye karatasi tu huishia huko.

Kuhusu tanganyika jeki, yaani kumshika mtu kiunoni kwa suruali na kumnyanyua atembee kwa ncha za vidole, wapo watakaosema haiui. Ni kweli kwamba si hatari kama kabali. Lakini aliyefungwa mikono nyuma na kunyanyuliwa hivyo akijikwaa huangukia uso, na dhamira kubwa ya mbinu hiyo ni kumfanya mtu achekwe. Sheria iliyotajwa hapo juu inazungumzia udhalilishaji pamoja na nguvu.

Hatua ya nne: pingu, au kamba pale pasipo na pingu

Pingu zifungwe juu kidogo ya kifundo, viganja vikitazama nje, na nafasi ya kupitisha ncha ya kidole ibaki kati ya chuma na ngozi. Kisha ufungwe ule mfungo wa pili unaozuia meno yasiendelee kubana, kwa sababu mtu akikaa au kulalia pingu zisizofungwa hivyo hujibana zenyewe. Ganzi kwenye kidole gumba ni dalili kwamba mshipa wa fahamu unabanwa, na malalamiko ya namna hiyo hayafai kujibiwa kwa "Utazoea".

Vikundi vya ulinzi shirikishi kwa kawaida havina pingu, na hapo ndipo kamba ya katani, waya au mpira wa baiskeli hutumika. Waya usitumike kabisa. Viwiko visivutwe vikakutana nyuma ya mgongo, kwani mfungo huo huumiza mishipa ya fahamu ya mabega na kukifanya kifua kishindwe kutanuka. Kamba pana au kipande cha kitambaa kwenye vifundo vya mikono kinatosha, na kucha ziangaliwe kila baada ya dakika chache: zikibadilika rangi au vidole vikipoa, legezeni. Kuifunga mikono na miguu pamoja kwa nyuma, kama afungwavyo mbuzi wa kwenda mnadani, hakuruhusiwi kwa hali yoyote.

Hatua ya tano: geuza

Hii ndiyo hatua ambayo mwongozo mzima umeandikwa kwa ajili yake. Mara mfungo unapokamilika, msimamizi wa pumzi aseme kwa sauti "Geuza!" na mtuhumiwa alazwe kwa ubavu, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, kisha akalishwe au asimamishwe mapema iwezekanavyo. Isingojewe atulie kwanza. Asingojewe mkubwa afike. Hata akiendelea kutukana na kurusha miguu, atashikwa miguu akiwa kwa ubavu. Neno hilo lisemwe kwa sauti kwa makusudi: wenzake watalisikia, majirani watalisikia, na kama simu inarekodi, nayo italinasa.

Kama mfungo umechelewa kwa sababu mtu bado anapambana, msimamizi ahesabu muda kwa sauti. Kila nusu dakika inayopita huku mtu akiwa kifudifudi ni sababu ya kubadili mbinu: kulegeza, kumgeuza na kujaribu upya, au kusubiri wenzenu waongezeke.

Hatua ya sita: angalia pumzi, usisikilize kelele peke yake

Imani ya kwamba "anaongea, kwa hiyo anapumua" imeua watu. Maneno machache hupita kwa hewa kidogo sana ambayo haitoshi kumweka mtu hai, na wengi waliokufa walikuwa wakilalamika kwamba wanashindwa kuhema. Akisema hivyo, mwamini kwanza na umbadilishe mkao. Kama alikuwa anakudanganya, umepoteza sekunde kumi.

Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Dalili za kutisha ni mkoromo, midomo au kucha kuwa na rangi ya samawati au kijivu, jasho baridi, pumzi zenye vipindi virefu, na kubwa kuliko zote, utulivu wa ghafla. Aliyekuwa anapambana akinyamaza kwa mara moja, pengine hajakubali kushindwa, amezimia. Mtikise bega, mwite. Asipoitika na kama hapumui sawasawa, mfungueni pingu, alazwe chali, na kitako cha kiganja kiwekwe katikati ya kifua. Kandamizeni kwa kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana, bila kuacha mpaka apate tabibu au aanze kupumua. Aliyefundishwa kumpulizia mtu hewa ampulizie mara mbili baada ya kila mikandamizo 30. Asiyefundishwa aendelee kukandamiza tu. Kumwagia maji, kumzaba makofi au kumtia kijiko mdomoni hakusaidii, na kwa mwenye kifafa kijiko huvunja meno.

Hatua ya saba: safari ya kwenda kituoni

Katika defenda au karandinga mtuhumiwa akae, mmoja wenu akiwa anamtazama. Asilazwe sakafuni huku viatu vikiwa mgongoni mwake, jambo ambalo kila mkazi wa mjini amewahi kulishuhudia. Kumpeleka mtu aliyefungwa mikono kwa bodaboda, katikati ya watu wawili kwa mtindo wa mshikaki, ni hatari kwa wote watatu, maana hawezi kujishika wala kujikinga akianguka. Subirini bajaji au gari, au tembeeni naye kama kituo ni cha karibu.

Pale umati unapotangulia

Mkimkuta mtu amezungukwa na watu wenye mawe, mazungumzo yenu hayatakuwa na yeye bali na umati. Tangazeni kwa sauti kwamba yuko chini ya ulinzi na atafikishwa kituoni. Mtafuteni aliyeibiwa na mwalikeni aje kuandikisha maelezo, kwa kuwa hasira ya wengi imejengwa juu ya imani kwamba mwizi akifika kituoni ataachiwa kesho. Mwenyekiti wa mtaa au mjumbe wa nyumba kumi anayefahamika husikilizwa kuliko sare. Ondokeni upesi, mtuhumiwa akiwa katikati yenu na kichwa kikiwa kimekingwa. Huyu aliyepigwa tayari aende hospitali kwanza. Mwenye jeraha la kichwani na harufu ya pombe asichukuliwe kuwa mlevi tu wa kuachwa alale mpaka asubuhi.

Hatua ya nane: makabidhiano

Kikundi kinachomkabidhi mtu kituoni kieleze kwa mdomo na iandikwe kwenye daftari: alikamatwa saa ngapi na kwa sababu gani, alizuiwa vipi, alikaa kifudifudi muda gani, aliwahi kuzimia au kulalamika kuhusu pumzi, na ana majeraha gani aliyokuja nayo. Mwenye jeraha apewe PF3, yaani fomu ya polisi ya kutibiwa hospitalini, bila kuzungushwa. Mlevi aliyewekwa lokapu alazwe kwa ubavu, aamshwe kila baada ya muda na aitike; asiyeamshika si kesi ya mahabusu tena bali ya hospitali.

Ndugu waarifiwe wapi alipo usiku huo huo. Hapa ndipo imani ya wananchi hupotea au hupatikana kwa bei ndogo kuliko mahali pengine popote, kwani mama aliyezunguka vituo vitatu akimtafuta mwanawe hatasikiliza tena hotuba yoyote ya polisi jamii. Tom Tyler, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kwa miaka mingi kwa nini watu hutii sheria, alionyesha kwamba watu hupima polisi kwa namna walivyotendewa, yaani kama walisikilizwa, waliheshimiwa na kuelezwa sababu, hata pale matokeo yalipokuwa dhidi yao. Anayerekodi kwa simu akiwa mbali kidogo aachwe arekodi. Kuipora simu hutangaza kwamba kuna la kufichwa. Na mtu akifa au kuumia, msitoe maelezo kwa umma kabla ndugu hawajaambiwa, wala msiseme "alijisikia vibaya ghafla" kabla ya uchunguzi wa daktari. Aliyetendewa vibaya anaweza kulalamika kwa mkuu wa kituo, kwa mkuu wa polisi wa wilaya (OCD) au kwa kamanda wa polisi wa mkoa (RPC), na nje ya polisi kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ofisi ya mtaa ibandike maelezo hayo ukutani.

Kufanya zoezi

Kuruta huondoka Shule ya Polisi Moshi akiwa na alichofundishwa, kisha hufika kituoni na kujifunza upya kutoka kwa waliomtangulia. Kwa hiyo zoezi lifanyike hapo hapo kituoni na katika ofisi ya kata, walau mara moja kila mwezi, wakongwe wakiwa ndio wa kwanza kulala kwenye mkeka.

Anzeni na hisia ya mwili. Kila mmoja akimbie mahali alipo kwa dakika moja kwa nguvu zake zote, kisha alale kifudifudi mikono ikiwa nyuma bila kufungwa, kwa nusu dakika, bila mtu yeyote kumwekea uzito. Halafu ageuzwe kwa ubavu na aeleze tofauti aliyoisikia kifuani. Baada ya hapo igizeni ukamataji mzima kwa nafasi nne zilizogawanywa, mkibadilishana mpaka kila mmoja awe amekuwa msimamizi wa pumzi. Pimeni muda kati ya pingu kufungwa na mtu kugeuzwa, na muuandike. Katika baadhi ya mizunguko, mkubwa aagizwe kwa siri akatae kumgeuza mtuhumiwa, ili mdogo azoee kusema "Acha!" na kisha kumgeuza kwa mikono yake mwenyewe. Mwenye pumu, mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo wasilazwe chini. Wapewe saa na daftari la kuandika muda.